Safari ya Kitaifa ya Maharage ya Ilomelo

Nchi yetu ina jina zuri sana, lakini kwa sasa siwezi kulitaja. Jina lenyewe limepelekwa nje kufanyiwa uhakiki wa ubora, na mpaka litakaporudi tumeelekezwa tuseme tu "nchi yetu", kwa sauti ya kujiamini. Mimi ni Afisa Mapokezi wa Wilaya ya Ilomelo. Kazi yangu ni kuhakikisha kila kiongozi anayeshuka kwenye gari anakuta kitu cha kukanyaga kisichokuwa udongo, kitu cha kunywa kisichokuwa maji ya kisima, na watu wanaofurahi. Naipenda kazi yangu. Nayasema haya mapema ili mtakaposikia yaliyotupata msidhani yanasimuliwa na mtu mwenye kinyongo.

Mambo yalianzia kwenye meno. Kulikuwa na dhifa ya taifa, mbuzi wameliwa, wageni wameshiba, ndipo ikagundulika kwamba Ikulu nzima haina kijiti cha kuchokolea meno. Nchi yetu ina misitu kila upande, lakini vijiti vya meno huwa tunaviagiza, kwa kuwa vya kwetu havina kibali. Sasa vile tulivyoagiza vilikuwa vimekwama mpakani, maana majirani zetu wa mashariki walikuwa wanapigana na majirani zao wa mashariki zaidi, na huko baharini nako meli zilikuwa zinageuza njia kama mtu aliyemwona mama mkwe wake. Mkuu wa Nchi akalala na uzi wa nyama kwenye jino. Kulipokucha ikaundwa Wizara ya Ugavi Stahimilivu na Nyakati Zisizoeleweka.

Waziri akateuliwa mtoto wetu wa hapa Ilomelo, Mheshimiwa Daktari Lugonda. Udaktari wake ni wa mambo ya bandari. Nchi yetu haina bahari, lakini inasemekana alisoma kwa picha nzuri sana. Tulipiga vigelegele mpaka sauti zikakauka. Wiki ile hata kuku wa Ilomelo walitembea kwa maringo.

*

Lazima niwaeleze kuhusu vyungu, la sivyo hamtaelewa kitu. Hapa Ilomelo mtu hakai na mbegu zake mwenyewe. Ukivuna maharage, zile punje bora unazichanganya na majivu, unazitia kwenye chungu, unakipeleka kwa jirani. Jirani anakiziba kwa udongo mbele yako na kukisukuma mvunguni mwa kitanda chake. Chake yeye kinakaa kwa mwingine. Waliotutangulia waliona kwamba mtu mwenye njaa akiwa karibu na mbegu zake atazichemsha, lakini za jirani atazionea haya. Mvua zikianza, mwenye chungu na mtunzaji wanavunja udongo pamoja, na hakuna anayefungua peke yake. Kama kuna nyumba imepatwa na janga, mwenye chungu husema neno moja tu, "Gawa", na mtunzaji anagawa. Hakuna karatasi wala shahidi.

Kuna jambo moja zaidi. Mtunzaji akikurudishia chungu chako kikiwa bado kimezibwa, mchana, mbele za watu, maana yake hana ujirani na wewe tena. Hakutukani wala hakufukuzi. Anakupa chungu chako, basi. Nimewahi kuliona hilo mara moja, kwa mtu aliyempiga mama yake mzazi. Msimu haukuisha, akahama.

Mtunzaji aliyeaminiwa kuliko wote alikuwa Bi. Nyanzobe, mjane anayekaa ng'ambo ya uwanja wa mnada wa ng'ombe. Mvunguni kwake kulikuwa na vyungu vya nyumba nyingi, changu kikiwamo tangu nilipooa, na cha nyumba ya kina Lugonda kikiwamo tangu Waziri hajaota meno. Mwaka ule baba yake Waziri alipofariki na mazao ya shamba lao yakaenda na mafuriko, Bi. Nyanzobe ndiye aliyesema "Gawa" juu ya chungu chake mwenyewe, na msimu uliofuata akasema tena. Mtoto akasoma. Waziri hulieleza hili kila aendako, machozi yakimlengalenga, na kwenye mkutano mmoja wa nchi za mbali alilieleza vizuri mno hata akapewa sanamu ya kioo.

Ila kwenye mkutano huohuo aliulizwa vyungu hivyo vinawekwa wapi. Akajibu, mvunguni. Ukumbi ukaguna. Mtaalamu mmoja akamfafanulia kwa upole kwamba akiba iliyo chini ya vitanda vya watu haionekani, na kitu kisichoonekana hakiwezi kustahimili. Waziri akaona aibu kubwa kwa niaba yetu. Akarudi na mpango.

*

Mapokezi ya siku ile niliyaandaa mwenyewe na sitasema uongo, yalipendeza. Matao ya migomba yalianzia barabara kuu, zulia likatoka ofisi ya wilaya likiwa limepigwa maji, na kwaya ikaimba wimbo mpya wenye neno "ugavi" kila baada ya pumzi. Waziri alizungumza kwa muda mrefu. Alisema dunia imetetereka, bahari haziaminiki, mipaka inafungwa na kufunguliwa kama mlango wa choo cha stendi, na kwamba taifa lenye akili halitegemei njia moja. Alisema pia kwamba wakati mataifa makubwa yanahangaika kutafuta ustahimilivu, ustahimilivu wenyewe ulikuwa umelala Ilomelo, chini ya kitanda cha mama mmoja.

Akamwita Bi. Nyanzobe mbele, akamvika utepe wa rangi za bendera na kumtangaza kuwa Mama wa Ugavi wa Taifa. Watu walilia. Mimi pia nililia, na wala haikuwa sehemu ya ratiba. Sasa nikikumbuka utepe ule naona wazi kwamba kilikuwa kilemba cha ukoka, lakini siku ile uling'aa.

Kisha akaeleza mpango. Vyungu vyote vya wilaya vikusanywe na kupelekwa kwenye Ghala la Ustahimilivu, mji mkuu, ambako vitalindwa na askari na kiyoyozi. Minong'ono ikaanza. Bi. Nyanzobe, utepe ukiwa bado unamteleza begani, akauliza swali alilokuwa nalo kila mtu.

"Mwanangu, huko ghalani nani atakuwa mtunzaji wa nani?"

"Mama, Serikali ni jirani wa kila mtu," akasema Waziri.

"Na mvua zikianza?"

"Tone la kwanza likidondoka, vyungu viko hapa. Mimi nimesomeshwa na chungu chako, mama. Nitakudanganyaje wewe?"

Bi. Nyanzobe alimtazama usoni. Halafu akatugeukia sisi. Akasema mtoto huyu anamjua, alimfuta kamasi kwa khanga yake mwenyewe, na kama kuna chungu kitakachokosa kurudi basi mwenye chungu asiende serikalini, aende kwake. Akaingia ndani, akaanza kutoa vyungu kimoja kimoja. Baada ya hapo nani angebaki na chake? Watu hawakuipa Wizara mbegu zao. Walimpa Bi. Nyanzobe, naye akaipa Wizara.

Baada ya hotuba Waziri aliomba kula jikoni kwa mama yake huyo, bila walinzi, kama enzi za utoto. Nilisimama mlangoni kuzuia kuku. Walizungumza kwa sauti ya chini. Alipotoka, yeye alikuwa anafuta mikono kwa leso na Bi. Nyanzobe anafuta macho kwa khanga. Kwenye taarifa yangu nikaeleza kwamba mgeni alishiba na mwenyeji aliguswa.

*

Ghala la Ustahimilivu lilizinduliwa na viongozi wakubwa. Maharage yetu yalitolewa kwenye vyungu na kuoshwa majivu, kwa kuwa majivu hayamo kwenye viwango. Fukusi, ambao huwa wanayaogopa majivu, hawakuhudhuria uzinduzi lakini walifika baadaye. Vyungu vyenyewe vilitupwa uani, maana havipangiki.

Ndipo Mtaalamu Mwelekezi akatoa ushauri ambao umeifanya nchi yetu itajwe kwenye vitabu. Alisema akiba iliyotulia haijathibitishwa. Ugavi stahimilivu sharti uwe na njia tatu, na njia sharti zijaribiwe kwa mzigo halisi. Tatizo likawa kwamba nchi yetu haikuwa na mzigo wowote wa kujaribia, isipokuwa maharage ya Ilomelo. Basi ikaamuliwa maharage yatoke nchini kwa njia tatu, yazunguke dunia, yarudi nyumbani.

Mantiki yake niliielewa mara tu nilipoelezwa kwa mara ya pili. Maharage yaliyokuwa mvunguni kwa Bi. Nyanzobe, jirani kabisa na shamba langu, yapite nchi za watu, yavuke maji, yagongwe mihuri, kisha yafike shambani kwangu. Yakifika, tutakuwa tumethibitisha kwamba tunafikika.

Malori yalipita hapahapa Ilomelo, kwa sababu barabara ya kwenda ng'ambo ni moja na inapita kwetu. Nilipewa maagizo ya kupanga watu wapunge bendera, nikawapanga. Lori la kwanza lilipunguza mwendo kwenye tuta karibu na uwanja wa mnada. Bi. Nyanzobe, aliyesimama nami, akanyoosha mkono akagusa turubai.

"Si haya hapa," akaniambia. "Kwa nini wasiyashushe hapahapa?"

Nikamweleza kwa utaratibu kwamba yakishushwa hapa yatakuwa hayajafika. Aliniangalia kwa namna ambayo sikuipenda. Lori likakanyaga mafuta, vumbi likatufunika, nasi tukaendelea kupunga.

*

Baada ya hapo redio ya taifa ilianzisha kipindi cha jioni cha kutupa habari za maharage. Watu waliacha hata mpira. Tulisikia kwamba msafara wa mashariki umefika mpakani salama, siku ambayo majeshi mawili yalikuwa yanagombea kibanda cha forodha. Jeshi la kwanza likagonga muhuri wake kwenye magunia. La pili likagonga wake. Kisha kila jeshi likayakamata magunia kwa kosa la kuwa na muhuri wa adui. Mtangazaji akasema maharage yetu yamepata uzoefu wa kimataifa.

Msafara wa pili ulipakiwa melini. Meli ikafika katikati ya bahari ikatia nanga, na nahodha akatuma ujumbe kwamba anasubiri nyakati zitulie. Nadhani mpaka leo anasubiri. Mtangazaji akasema maharage yanapunga upepo. Msafara wa tatu ulielekea kaskazini, ukafika kwenye nchi tajiri yenye mitambo mikubwa, ukapokewa kwa heshima. Kesho yake nilifungua redio kusikia zaidi, wakapiga taarabu kipindi chote.

Mvua ya kwanza ilidondoka ikiwa bado taarabu.

Sijui nyinyi mnakotoka mvua ya kwanza inafananaje. Kwetu ni siku ya kutembeleana. Kila mtu hutoka na jembe begani kwenda kwa mtunzaji wake kuvunja udongo wa chungu. Siku ile watu walitoka vilevile, kwa mazoea, wakajikuta wamesimama uani kwa Bi. Nyanzobe na majembe yao, wameloa. Hakuna aliyemkemea. Wengine waliuliza tu kama kuna habari. Akawaambia wasubiri kidogo, atakwenda kumwona mtoto wake. Nami kwa cheo changu nikatakiwa nimsindikize.

*

Wizarani tulipokewa vizuri, kwa viwango ambavyo mimi mwenyewe sijavifikia. Zulia lao ni jekundu hadi vyooni. Waziri hakuwapo. Alikuwa nchi za mbali akipokea sanamu ya pili ya kioo. Tulionana na bwana mmoja wa suti ya bluu aliyejitambulisha kuwa Mkurugenzi wa Vilivyo Njiani, akatupeleka kwanza ghalani, kwa kuwa Bi. Nyanzobe alisisitiza.

Ghala lilikuwa safi sana. Nilikohoa, kikohozi changu kikazunguka ukutani na kunirudia. Bi. Nyanzobe akamuuliza yule bwana maharage yako wapi.

"Mama, ugavi haukai ghalani," akajibu. "Ukikaa ghalani unaitwa mrundikano. Ugavi uko njiani."

Akatuonyesha ramani kubwa yenye taa ndogondogo zinazowaka na kuzimika. Taa moja ilikuwa mpakani, moja baharini, moja kaskazini. Akatueleza kwamba kwa mara ya kwanza katika historia yetu tunajua mbegu zetu ziko wapi kila dakika. Bi. Nyanzobe alisogea karibu, akazitazama taa zile kwa makini, kisha akauliza, bila mzaha wowote, mvua hii apande taa ipi. Mkurugenzi akasema swali hilo ni zuri na litajumuishwa.

Tukitoka kwa mlango wa nyuma tulikuta vyungu. Vilikuwa vimerundikwa kwenye majani, vingine vimepasuka, kimoja mlinzi amekigeuza kiti. Bi. Nyanzobe alivitambua kimoja baada ya kingine na kutaja nyumba zake kwa sauti, kama mtu anayeita wanafunzi. Changu alikitaja pia. Kilikuwa kimebaki nusu.

Njiani kurudi tulianza kuona mashamba ya Ilomelo, yamelimwa, meusi, matupu. Hapo ndipo akaniambia, "Watu hawakumwamini yeye. Waliniamini mimi." Nikamwambia asijali, Serikali ina mipango. Nilikuwa nimeshazoea kusema hivyo, na maneno yalitoka yenyewe kabla sijajua kama nayaamini.

*

Waliokuwa na ndugu wilaya za mbali wakaomba vikonzi vya mbegu. Wengine wakapanda mapando ya viazi. Wengi walingoja, maana msimu bado ulikuwa na nafasi finyu ya kupanda kwa kuchelewa, na maharage yetu ni ya muda mfupi. Wakati huohuo redio ikaacha taarabu na kutangaza kwa furaha kwamba msafara wa kaskazini umefanikiwa na mzigo unarudi nyumbani. Bi. Nyanzobe aliposikia alifagia mvungu wake, akautandika majani makavu.

Nikaandaa mapokezi. Matao, zulia, kwaya. Malori yaliingia uwanja wa mnada yakiwa yamefungwa utepe, na Waziri akiwa mbele kwenye gari jeusi. Watu walijaa na majembe yao, maana walikusudia wakitoka pale waende moja kwa moja shambani. Turubai likafunuliwa.

Yalikuwa makopo.

Makopo mazuri, yanang'aa, yana picha ya mwanamke mmoja wa mbali mwenye meno mengi anayecheka na uma mkononi. Waziri akapanda jukwaani akatangaza kwamba nchi yetu imeingia rasmi kwenye orodha ya nchi stahimilivu. Kati ya njia tatu, moja imerudi, na hata mzigo uliorudi haukurudi kama ulivyokwenda, umerudi umeongezewa thamani. Maharage, alisema, yameiva, yamekolezwa nyanya, na yanaweza kukaa miaka bila kuharibika, jambo ambalo hakuna chungu wala mvungu unaoliweza. Kila nyumba itapata kopo moja kwa kuanzia.

Kopo la kwanza alipewa Mama wa Ugavi wa Taifa. Msaidizi alilifungua mbele ya kamera. Bi. Nyanzobe akaingiza vidole viwili, akatoa punje moja, akaifuta mchuzi kwa ncha ya khanga na kuigeuzageuza. Ile michirizi myekundu ya maharage yetu ilikuwa imefifia lakini haijapotea.

"Haya ni yetu," akasema.

"Si nilikwambia, mama? Yamerudi."

"Nayapandaje?"

Waziri alicheka kidogo, akawatazama waandishi, akaeleza kwamba suala la uoteshaji wa maharage yaliyoongezewa thamani litaundiwa kamati ya wataalamu, na kwamba wananchi tusiwe na fikra mgando za kudhani kila haragwe ni la kupandwa. Watu wake wakapiga makofi. Wakati wanapiga, Bi. Nyanzobe alishuka jukwaani akatembea kuelekea nyumbani kwake, pale ng'ambo ya uwanja. Nilidhani amekwenda kulia. Nikawapa kwaya ishara wajaze nafasi.

Akarudi amekumbatia chungu.

Kilikuwa kizima, kimezibwa, udongo wake umekauka vizuri bila ufa. Kwaya ilimwona, sauti ya pili ikakatika kwanza, halafu ya kwanza. Hakuna mtu wa Ilomelo asiyejua maana ya chungu kilichozibwa kubebwa hivyo mchana. Tulichokuwa hatujui ni cha nani, na kimetoka wapi, wakati vyote vilikwenda.

Alipanda jukwaani, akasimama mbele ya Waziri.

"Siku ile ulipokula jikoni kwangu uliniomba hiki cha kwenu nisikitoe," akasema. Hakupaza sauti, ila uwanja ulikuwa kimya. "Ukasema ni kumbukumbu ya marehemu mama yako. Nikalia. Nikasema mtoto huyu ana mapenzi na mama yake."

"Mama, haya tungeyazungumza nyumbani."

"Kumbe ulikuwa unajua."

Na mimi, Afisa Mapokezi, niliyezuia kuku mlangoni siku ile, nikasikia kitu kinakatika kifuani. Maharage kupotea nilikuwa nimeshajifunza kuvumilia. Vita ni vita, bahari ni bahari, hata wataalamu hukosea. Lakini mtu aliyetuambia Serikali ni jirani wa kila mtu, alikuwa ameshaweka mbegu zake mahali anapopaamini kweli, mvunguni kwa Bi. Nyanzobe. Alijua kabisa panapostahimili. Alitupaka mafuta kwa mgongo wa chupa, na nilimtandikia zulia.

"Sijakifungua," akaendelea Bi. Nyanzobe. "Njaa imepita nyumbani kwangu na sijakifungua, maana si changu. Chukua."

Akakiweka mikononi mwake.

Sasa hebu tulieni muelewe pale palikuwaje. Chungu kile ndicho kilichokuwa na mbegu pekee zilizo hai za maharage yetu katika wilaya nzima. Zingegawanywa vikonzi, zisingemtosha mtu, lakini zingeota, na msimu ujao zingezaa mbegu nyingine. Mawingu yalikuwa bado yapo. Majembe yalikuwa mabegani. Mwenye chungu alikuwa amekishika mwenyewe, na neno lililotakiwa ni moja, fupi, ambalo hata mtoto anayejifunza kusema analiweza. Ujirani alikuwa ameshaupoteza, ila neno lile lilikuwa bado ni lake. Watu wote walikuwa wanamtazama mdomo. Nakiri hata wakati ule nilikuwa bado na matumaini. Nilimwona akimtazama Bi. Nyanzobe, na kwa muda mfupi sana uso wake ulikuwa uso wa yule mtoto wa mafuriko.

Kisha akamtazama Mkurugenzi wa Vilivyo Njiani, aliyekuwa amesimama pembeni ya jukwaa.

"Suala hili," akasema Waziri, "nitalipeleka kwenye utaratibu."

Akashuka na chungu. Mlinzi alitaka kumpokea, akakataa, akakibeba mwenyewe kifuani, juu ya zulia langu, mpaka kwenye gari, akakipakata. Nilikuwa nimeielekeza kwaya kwamba kiongozi akiingia garini waimbe wimbo wa kumuaga, na kwa fadhaa nilisahau kuwaambia waache. Wakaimba. Gari likaondoka na neno "ugavi" likisikika nyuma yake.

*

Utaratibu bado unaendelea. Kamati ya uoteshaji imekutana mara kadhaa mji mkuu, na nasikia chakula chao ni makopo. Mheshimiwa Waziri amepandishwa cheo. Shamba la kina Lugonda lilipandwa maharage kwa wakati na lilistawi vizuri, tulikuwa tunaliona kila tunapokwenda kuchimba viazi.

Watu walikwenda kwa Bi. Nyanzobe kama alivyowaambia siku ile ya utepe, mmoja mmoja. Hakuna aliyemdai. Walimpa pole, wakamwambia hata wao walipiga vigelegele. Yeye aliwasikiliza wote, akawashukuru, na utepe ule akaufanya kamba ya kuanikia nguo.

Msimu huu tumevuna kidogo, mbegu za kuombaomba, za rangi mchanganyiko. Taarifa ya Wizara imetoka na Ilomelo tumesifiwa kwa jina. Imesema wilaya yetu imevuka lengo la ustahimilivu, kwa sababu sasa kila nyumba inahifadhi mbegu zake yenyewe bila kumtegemea mtu yeyote. Taarifa hiyo ni ya kweli. Ukipita jioni utasikia makomeo yanavyopigwa, nyumba hadi nyumba, kabla hata jua halijazama vizuri.

Mvungu wa Bi. Nyanzobe umefagiwa na yale majani makavu bado yametandikwa. Watu wanampenda kama zamani. Wanamsalimia, wanamuulizia miguu yake, wanampelekea kuni. Mbegu hawampi. Nami zangu ziko chini ya kitanda changu mwenyewe, na nikipita mlangoni kwake huwa naongeza mwendo.